Maisha ya Bibi Emily Ruete, Binti wa Unguja Aliyekuwa Mgeni Udachi

Msharika akichaguliwa kuingia katika halmashauri ya kuwasaidia wanawake wageni, mara nyingi huuliza kazi yake ni nini hasa. Wengine hudhani kazi hiyo ni kukusanya nguo na chakula, kisha kwenda nyumbani. Hata sisi tunaokaa Shirimatunda, pembeni mwa mji wa Moshi, twawaona wanawake waliotoka mbali kwa ajili ya kazi, au kwa kuolewa, au kwa sababu ya misiba ya kwao, wala hawana shangazi wala mjomba wa kuwapokea. Tumeona vema basi kusimulia habari za mwanamke mmoja aliyejulikana sana, aliyekufa zamani. Yeye alitoka katika nyumba ya kifalme ya Unguja akaenda kukaa ugenini Ulaya, na katika maisha yake twaona wazi mgeni anapungukiwa na nini, na ni akina nani waliomsaidia au walioacha kumsaidia.

Jina lake la kwanza ni Salme. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mwaka uleule wa 1844 mmisionari Krapf alifika Unguja, akapewa na Seyyid Said barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Miaka minne baadaye mwenzake Rebmann akauona mlima wetu wa Kilimanjaro. Kwa hiyo msichana huyu alizaliwa katika siku zile ambazo Injili ilianza kubisha hodi katika nchi zetu.

Mama yake aliitwa Jilfidan, wa kabila la Wacherkesi, watu wa milima ya Kaukazi iliyo kati ya bahari mbili, Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Alikuwa mtoto mdogo wanyang'anyi walipowaua wazazi wake, nao wakamchukua na kumwuza utumwani, hata mwisho akafika katika nyumba ya Seyyid Said, akawa suria wake. Wasomaji waliangalie jambo hili. Kabla Salme hajawa mgeni katika nchi ya watu, mama yake alikwisha kuwa mgeni, tena kwa nguvu, wala hakuulizwa kama ataka kuja.

Salme alilelewa kati ya ndugu wengi, katika nyumba iliyojaa watu wa kila taifa na lugha. Alijifunza kupanda farasi, na kama ilivyokuwa desturi alifundishwa kusoma Kurani. Lakini kuandika hakufundishwa, maana watu wa siku zile waliona kwamba mwanamke hana haja na kalamu. Yeye hakuridhika. Akatwaa mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili kwa siri herufi alizoziona katika Kurani, mpaka mkono wake ukazoea. Kazi hii ya siri ndiyo iliyomfanya baadaye ajulikane katika dunia nzima. Ndiyo pia iliyomwingiza katika taabu yake ya kwanza.

Mwaka 1856 Seyyid Said alikufa baharini akirudi kutoka Omani. Salme alikuwa mwenye umri wa miaka kumi na miwili, naye akapewa urithi wake, shamba na fedha. Mwaka 1859 mama yake naye akafa. Katika mwaka huo huo Barghash, ndugu yake, aliinuka kumpinga Seyyid Majid, ndugu yao aliyetawala Unguja. Salme akavutwa upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika akafanywa karani wa waasi, naye ni msichana wa miaka kumi na mitano tu. Uasi ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme akapatana na Majid, lakini kwa kupatana naye aliwachukiza walioshikamana na Barghash. Hivyo hata kabla ya kuondoka kwao alikuwa amekwisha kuwa mpweke kati ya jamaa zake.

Akahamia mjini, na nyumba iliyokuwa karibu na yake ilikaliwa na mfanyabiashara Mdachi, kijana wa Hamburg, jina lake Heinrich Ruete. Wakafahamiana, wakapendana, na Salme akawa mjamzito. Katika nchi ile, binti wa mfalme Mwislamu kuchukua mimba ya mtu asiye wa dini yake lilikuwa jambo la hatari ya kufa. Usiku mmoja wa mwezi wa Agosti mwaka 1866 akashuka pwani kwa siri, akapanda manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, ikamchukua mpaka Aden. Hatusemi kwamba njia hiyo ilikuwa njema yote. Twasema tu kwamba aliyeondoka usiku ule hakuweza tena kurudi kwao kama alivyotoka.

Aden alikaa miezi tisa akimngoja Ruete, aliyebaki Unguja kumaliza mambo ya biashara yake. Huko akamzaa mtoto wa kiume mwezi wa Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 Ruete alifika, na siku ile ile Salme akabatizwa katika kanisa dogo la Waingereza, akaitwa Emily, akafungishwa ndoa, na safari ya Ulaya ikaanza. Ubatizo, arusi na safari, vyote vilimpata kwa siku moja. Njiani mtoto wao akafa.

Walimu wa ubatizo na wasimame hapa kidogo. Mafundisho aliyopata Aden yalikuwa machache, na alipofika Ulaya hakuonekana mtu wa kuyaendeleza. Watu walimhesabu kuwa Mkristo kwa sababu jina lake limeandikwa kitabuni, wakadhani kazi imekwisha. Katika barua ndefu alizoziandika juu ya miaka ile, ambazo zilichapishwa mwaka 1993, alieleza jinsi moyo wake ulivyobaki kati ya dini mbili: ya kale ameiacha, na mpya hakuielewa. Aliingia kanisani akaketi kati ya watu, akatoka kama alivyoingia. Sisi tunaomfundisha mwanafunzi wa ubatizo miezi mingi kabla ya kumpeleka kwenye maji, tusichoke. Na tusimwache siku ya pili.

Huko Hamburg wakakaa katika nyumba nzuri kando ya ziwa la Alster. Hakupungukiwa na chakula wala mavazi wala mtu wa kumtumikia. Mume wake alimpenda, wakazungumza Kiswahili nyumbani, maana mwanzoni yeye hakujua neno moja la Kidachi. Lakini Ruete alipokwenda kazini asubuhi, nyumba ilikuwa kimya kama kaburi. Kwao milango ilikuwa wazi, watu wakiingia na kutoka mchana kutwa. Hapa milango ilifungwa, na jirani hakupiga hodi bila kualikwa. Baridi ilimwumiza. Vyakula vilimchukiza. Watumishi walizungumza asichokifahamu. Akitoka nje watu walimkazia macho, maana habari zilienea kwamba binti wa sultani amekuja, wakataka kumwona kama mtu atakavyo kumwona mnyama wa ajabu. Wazee wetu walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe, haonekani kati ya wenziwe bila kutazamwa. Emily alitazamwa sana, lakini waliomwuliza hali yake walikuwa wachache.

Akajifunza lugha kwa bidii, akajifunza kupika na kutunza nyumba kwa desturi za Wadachi, akazaa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Akaanza kuzoea. Ndipo msiba ukamjia. Mwezi wa Agosti 1870, vita vya Wadachi na Wafaransa vilipokuwa vimeanza, Heinrich Ruete alianguka akishuka katika gari la abiria lililovutwa na farasi, likamkanyaga, na baada ya siku chache akafa. Mtoto wa mwisho alikuwa hajatimiza miezi minne. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Seyyid Majid naye akafa huko Unguja, na Barghash akaketi katika kiti chake. Hivyo katika muda wa miezi mitatu Emily alipoteza mume aliyemlinda ugenini na ndugu ambaye pengine angalimhurumia kwao. Akabaki mjane wa miaka ishirini na sita pamoja na watoto watatu wadogo.

Sasa twafika mahali panapowahusu hasa wajumbe wa halmashauri zetu. Kwa sheria ya Hamburg ya siku zile mwanamke mjane hakuachiwa kusimamia mwenyewe mali iliyoachwa na mumewe. Aliwekewa wasimamizi wanaume, nao ndio walioamua fedha itumikeje. Sheria hiyo ilikusudia kumlinda mjane. Lakini huyu alikuwa mgeni. Hakuzijua hesabu za benki wala maneno ya mahakama, wala hakuwa na baba au kaka katika mji ule wa kuuliza kwa niaba yake. Katika miaka ile ya kwanza sehemu kubwa ya mali yake ikapotea mikononi mwa watu wengine. Aliyekuwa binti wa mfalme akaanza kuhesabu senti na kushona mwenyewe nguo za watoto wake.

Tuyafikiri mambo haya kwa utulivu. Si kila msimamizi alikuwa mwivi. Na hata penye wasimamizi waaminifu, mwanamke aliyewekewa watu wa kumwangalia alikaa gizani. Ndivyo inavyokuwa halmashauri inapofanya shauri juu ya mtu bila kumweleza, na inapotumia fedha bila kumwonyesha hesabu, ikadhani kwamba nia njema yatosha. Mgeni hawezi kuuliza asilolijua. Ni wajibu wa aliye mwenyeji kumweleza kabla hajauliza, kwa lugha anayoifahamu, na kumwandikia yale yaliyokatwa ili awe na ushahidi mkononi.

Maisha ya Hamburg yalikuwa ya gharama, naye akauacha mji huo, akahama mara kwa mara: Dresden, Rudolstadt, Berlin na Köln. Mahali pengine walikuwapo watu waliomtendea mema, wakamkaribisha kwao na kumtafutia wanafunzi, maana alianza kufundisha Kiarabu ili apate riziki. Wema huo haukumtajirisha, bali ulimpa kazi ambayo yeye mwenyewe aliweza kuifanya. Mgeni akipewa chakula hushiba leo. Akipewa kazi iliyo katika uwezo wake hupata tena heshima yake. Hekima hiyo hata wahenga wetu waliijua, walipoagiza kwamba mgeni apewe jembe siku ya tatu.

Mwaka 1875 Seyyid Barghash alialikwa London. Emily aliposikia alifunga safari, akatumaini kumwona ndugu yake uso kwa uso na kupatana naye, na kudai urithi wake uliozuiliwa kwa sababu ameiacha dini ya baba zake. Lakini serikali ya Kiingereza haikutaka Barghash audhike. Ikamtuma Sir Bartle Frere, yule yule aliyekwenda Unguja mwaka 1873 katika shauri la kukomesha biashara ya watumwa. Akamshauri Emily asijaribu kumwona ndugu yake, na badala yake akampa tumaini kwamba watoto wake watasaidiwa. Emily akakubali kwa ajili ya watoto. Barghash akaondoka. Kisha Emily akaambiwa kwamba yeye ameolewa na Mdachi, ni raia wa Udachi, basi mambo yake hayawahusu Waingereza.

Hapa pana jambo la kutia hofu. Frere alikuwa mtu wa sifa, na kazi yake juu ya watumwa ilikuwa njema. Hata hivyo mwanamke mmoja mjane aliondoka mbele yake akiwa na ahadi isiyotimizwa. Mtu aweza kutenda kazi kubwa kwa ajili ya maelfu, kisha akamdanganya mmoja aliyesimama mbele ya meza yake. Ahadi itolewayo kwa mwanamke mgeni ni nzito kuliko ahadi itolewayo kwa mwenyeji, kwa sababu mwenyeji anao watu wa kumsaidia kuidai.

Baada ya Waingereza, Wadachi nao walimtumia. Mwaka 1885 Bismarck alituma manowari Unguja ili kumlazimisha Barghash awaachie Wadachi nchi za bara. Ndio mwaka ule ule ambao Jenerali Mathews kwa upande wa Barghash, na Jühlke kwa upande wa Wadachi, walifika Moshi kwa Mangi Rindi, kila mmoja akitaka mlima huu uhesabiwe kuwa wa bwana wake. Katika merikebu za Wadachi alikuwamo Emily pamoja na watoto wake. Alishuka Unguja baada ya miaka kumi na tisa, akatembea katika njia za utoto wake, na watu wengi wakamsalimu kwa furaha. Ndugu yake hakukubali kumwona. Wadachi walipokwisha kupata walilolitaka, shauri la mjane likawa dogo. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash alipokuwa amekufa, lakini urithi hakuupata.

Mwaka 1886 alitoa kitabu kwa lugha ya Kidachi, habari za maisha yake tangu Mtoni. Mkono uliozoea herufi juu ya mfupa wa ngamia sasa uliandika kwa lugha ya ugenini, na kitabu kile kikasomwa katika nchi nyingi, kikatafsiriwa, na hata leo chasomwa. Kwa ajili yake twajua mambo mengi ya Unguja ya kale, jinsi watu walivyokula, walivyovaa, walivyolea watoto na walivyozika wafu wao.

Lakini tukisema kweli yote, hatuwezi kuficha kwamba katika kitabu hicho aliutetea utumwa wa Waarabu, akaona ni jambo la upole, na juu ya watu weusi aliandika maneno ya dharau. Yeye ambaye mama yake aliibwa akiwa mtoto, na ambaye mwenyewe alijua uchungu wa kuwa mgeni asiye na mtetezi, hakuyaona machozi ya wale waliolima mashamba ya baba yake. Mwaka 2019 mji wa Hamburg ulikiita kiwanja kimoja kwa jina lake, kisha ukaliondoa jina hilo kwa sababu ya maneno hayo. Tunalitaja jambo hili ili tusidanganyike. Mateso peke yake hayamfundishi mtu kuwahurumia wengine. Na yeye astahiliye kusaidiwa si malaika. Husaidiwa kwa kuwa ni mtu.

Baada ya safari ya mwaka 1888 hakutaka tena kukaa Udachi. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, mahali aliposikia tena lugha ya Kiarabu njiani na sokoni, akakaa huko mpaka mwaka 1914. Mwishowe alirudi kwa watoto wake katika Udachi. Alikufa Jena tarehe 29 Februari 1924, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf kando ya mumewe. Katika vitu vyake palionekana mfuko mdogo wenye mchanga wa Unguja, nao ukatiwa kaburini pamoja naye. Kwa miaka mingi ya ugenini alikuwa ameutunza.

Haya ndiyo maisha ya Bibi Emily Ruete. Wakati wetu huu safari zimegeuka. Wanawake wa Tanzania na Kenya wanakwenda Omani na nchi za Ghuba kutumika katika nyumba za watu. Wengine wako Ulaya na Marekani. Na katika miji yetu wamo wanawake waliokimbia vita kutoka Kongo na Burundi. Katika nchi nyingi kuna vyama vya kuwasaidia, navyo vina halmashauri zao, watu wanaoketi mezani wakikata mashauri. Wengi wao hawalipwi kitu, nao wanastahili shukrani.

Kwa wote waliochaguliwa hivyo, pamoja na wazee wa sharika zetu, twakumbusha habari za Ruthu Mmoabi, mjane mgeni katika Bethlehemu. Boazi alimwacha aokote masuke, na huo ulikuwa mwanzo mzuri. Lakini hakukomea hapo. Aliketi langoni pa mji, akawaita wazee kumi, na jambo la shamba na la mjane likasemwa mbele yao mchana, kila mtu akisikia, nao wakawa mashahidi. Hakuna lililokatwa gizani, wala ahadi iliyotolewa na kuachwa. Emily alipata waliomtazama, waliomsimamia, waliomwahidi na waliomtumia. Wazee kumi wa langoni hakuwapata.

Basi, msomaji, ukiitwa kuketi katika halmashauri ya namna hii, usiulize kwanza kuna nguo ngapi za kugawa. Uliza ni nani aijuaye lugha ya mwanamke huyu, ni nani atakayekwenda naye mbele ya hakimu, hesabu yake iko wapi na kama yeye mwenyewe ameiona, na ni nani atakayepiga hodi mlangoni pake wiki ijayo, na wiki ya baada yake.